Katibu Muhtasi na Tovuti ya Chuo

Saa mbili na nusu asubuhi, Jumatatu. Mhadhiri anapita ofisi ya idara akikimbilia darasani, anamwachia katibu muhtasi sentensi moja: jaribio la kesho limehamishiwa ukumbi mwingine. Katibu ana kompyuta, ana intaneti, na uandishi wake ni safi kuliko wa wengi wanaomletea kazi. Asichokuwa nacho ni njia ya kuifikisha sentensi hiyo kwenye tovuti ya chuo. Anaandika barua pepe kwenda Kurugenzi ya TEHAMA, ambako vijana watatu wanahudumia mtandao wa kampasi nzima, mfumo wa matokeo, mashine za kuchapisha na simu za mezani. Ombi linapanga foleni. Jioni habari inawafikia wanafunzi kupitia kundi la WhatsApp la darasa, na yule ambaye bando lake limekwisha anaipata kesho yake mlangoni pa ukumbi mtupu. Tovuti inabadilishwa Jumatano.

Aliyewahi kufanya kazi za utawala chuoni, iwe Dodoma, Eldoret au Bukavu, ataitambua asubuhi hiyo. Dawa inayotajwa upesi ni kuwaruhusu watumishi wa idara wahariri wenyewe, na ni dawa sahihi. Shida huanza pale ruhusa inapotolewa bila kufikiria chombo. Katibu anapewa nywila, anafungua mfumo, anakuta vitufe arobaini, na baada ya wiki mbili anarudia kuandika barua pepe. Mwongozo huu ni wa yule anayelazimika kuamua: mkurugenzi wa TEHAMA, afisa uhusiano, msajili, au mkuu wa idara aliyetwishwa uenyekiti wa kamati ya tovuti.

Hapo mwanzo kusoma na kuandika kwenye wavuti vilikuwa kitu kimoja. Tim Berners-Lee alipotengeneza kivinjari cha kwanza huko CERN, Geneva, mwaka 1990, programu iliyoonyesha ukurasa ndiyo hiyo hiyo iliyouandika. Vivinjari vilivyoenea baadaye vikaacha uandishi, vikabaki na usomaji. Tangu hapo watu wa ofisini wametafutiwa kalamu nyingine. Microsoft walileta FrontPage. Mwaka 2002 kampuni ya Macromedia ikatoa Contribute, programu iliyolengwa moja kwa moja kwa mtu asiyejua msimbo: unaufungua ukurasa, unaurekebisha kama barua ya Word, unachapisha. Adobe wakainunua Macromedia mwaka 2005, na mwaka 2017 Contribute ikasitishwa. Ofisi zilizoizoea zikaanza upya.

Historia hiyo fupi inatosha kulimaliza swali moja. Kalamu ya katibu iwe ndani ya kivinjari, isiwe programu iliyofungwa kwenye kompyuta moja ya ofisi moja. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo mikoani. Mtumishi wa kituo cha mkoa anapaswa kuhariri akiwa palepale alipo, kwa kompyuta iliyopo, hata ikiwa ni ya kuazima.

Mifumo inayofanya hivyo ipo, na mitatu kati yake inajulikana kila mahali. Drupal ilitolewa mwaka 2001 na Dries Buytaert, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Antwerp, Ubelgiji. WordPress ilianza mwaka 2003. Joomla ilizaliwa mwaka 2005, na jina lake ni neno letu la Kiswahili, jumla, lililoandikwa kwa masikio ya Mwingereza. Yote mitatu ni programu huria isiyolipiwa leseni. Ndiyo maana vikao vya kamati za tovuti hutumia muda mwingi kubishana kuhusu mfumo upi ni bora, na mara nyingi hubishana mapema mno.

Kabla ya jina la mfumo kutajwa, na ihesabiwe kazi. Kamati itafute maombi yote ya kubadilisha tovuti yaliyofika TEHAMA kwa miezi kumi na miwili: barua pepe, ujumbe wa simu, vikaratasi. Iyagawe kwa mafungu. Katika vyuo vya kwetu mafungu yanayojitokeza hayashangazi: matangazo yenye tarehe, ratiba na mabadiliko yake, ada, sifa za kujiunga, fomu za kupakua, majina na simu za watumishi, semina. Ombi la kubadilisha sura ya tovuti ni nadra. Yanayojaa ni mambo mafupi, yanayojirudia, yenye umbo lile lile kila mara.

Mwaka 2010 mchoraji wa katuni wa Marekani, Randall Munroe, alichora maduara mawili yanayopishana. Duara moja lilikuwa na vitu vinavyowekwa ukurasa wa mbele wa tovuti ya chuo: picha za kampasi zinazopokezana, barua ya mkuu wa chuo, taarifa kwa vyombo vya habari, falsafa ya taasisi. La pili lilikuwa na vitu ambavyo watu huvifuata: fomu za maombi, kalenda ya masomo, simu na barua pepe za wahadhiri, orodha ya kozi, ramani inayosomeka, mahali pa kuegesha gari. Palipopishana palikuwa na kitu kimoja, jina kamili la chuo. Miaka mingi imepita na mchoro ule bado unasambazwa na watu wa tovuti za vyuo, kwa sababu ni wa kweli. Na ukilitazama duara la pili kwa makini, utaona kwamba karibu kila kilichomo hakiko mikononi mwa mtaalamu wa TEHAMA. Kiko kwa katibu wa idara, kwa afisa udahili, kwa karani wa masijala, kwa mhasibu. Hao ndio wenye habari. Uchaguzi wa chombo uanzie kwao.

Zipo njia mbili za kumkabidhi mtu ukurasa. Ya kwanza ni karatasi tupu: kisanduku kikubwa cheupe chenye safu ya vitufe juu yake, vya kukoleza herufi, kulaza, kubadili rangi, kuweka katikati. Ya pili ni fomu: visanduku vidogo vyenye lebo, kila kimoja na kazi yake. Mifumo yote mitatu inaweza kutoa zote mbili, ila hutoka kiwandani na karatasi tupu ikiwa mbele, na vyuo vingi huishia hapo hapo. Ni kosa linalogharimu.

Mtazame katibu akiwa na karatasi tupu. Tangazo ameshaliandika kwenye Word, kwa sababu ndiko alikozoea. Analikopi, anakuja kwenye tovuti, analipesti. Linaonekana safi, anabofya kitufe cha kuchapisha. Asichokiona ni mzigo uliokuja na maneno yake. Word hubeba maelekezo yake ya ndani, na mtu akifungua msimbo wa ukurasa kama huo hukutana na neno MsoNormal katika kila aya, pamoja na amri za kulazimisha Times New Roman ya ukubwa wa 12 na nafasi za mistari. Tangazo la idara hii linatoka na herufi za aina yake, la jirani na za aina nyingine. Jedwali la ratiba lenye safu saba, lililokaa vizuri kwenye karatasi ya A4 iliyolazwa, linatoka nje ya kioo cha simu, na mwanafunzi wa Ijumaa haoni siku yake. Katibu hakukosea chochote. Alifanya kile ambacho chombo kilimwalika afanye.

Sasa mtazame mbele ya fomu. Juu imeandikwa "Tangazo jipya". Kisanduku cha kwanza: Kichwa cha tangazo. Cha pili: Linamhusu nani, na chini yake orodha ya kuchagua, mwaka wa kwanza, shahada ya uzamili, watumishi, waombaji. Kisha Tarehe ya tukio, yenye kalenda ya kubofya. Mahali. Maelezo. Kiambatisho, kama kipo. Mtu wa kuulizwa. Cha mwisho: Liondoke ukurasa wa mbele lini. Katibu anajaza visanduku vinane kama anavyojaza fomu ya likizo, kazi anayoijua tangu siku ya kwanza ya ajira. Rangi haichagui, ukubwa wa herufi hauchagui; mfumo unajua kichwa kikae wapi kwenye kompyuta na wapi kwenye simu.

Faida haiishii kwenye sura. Tarehe iliyojazwa mara moja inaweza kujitokeza kwenye kalenda ya chuo, kwenye ukurasa wa idara na kwenye orodha ya matangazo ya kampasi, bila mtu kuinakili mara tatu na kukosea mara moja. Kile kisanduku cha mwisho kinaondoa aibu ambayo kila msomaji wa tovuti za vyuo ameishuhudia: mwaliko wa semina ya miaka mitatu iliyopita ukiwa bado umeng'ang'ania juu ya ukurasa kana kwamba ni wa wiki ijayo. Na lebo za visanduku chuo hujiandikia chenyewe, kwa Kiswahili cha ofisini kwake. Si lazima kusubiri mtu atafsiri mfumo mzima. "Tarehe ya mwisho ya kutuma maombi" inaeleweka kwa kila mtu. Iandikwe hivyo hivyo.

Kazi ya kuandaa fomu hizo ni ya TEHAMA, na hufanyika mara moja. Kwenye Drupal ndiyo nguvu kuu ya mfumo tangu zamani, kwani aina za maudhui na visanduku vyake hutengenezwa kwa kubofya. WordPress huhitaji kiongezi au msimbo kidogo. Joomla ina visanduku vya ziada vinavyoweza kufungwa kwenye aina ya makala. Aina tano au sita zinatosha kuanzia: tangazo, tukio, mtumishi, kozi, fomu ya kupakua, nafasi ya kazi.

Karatasi tupu bado ina mahali pake. Historia ya idara, maelezo ya mradi wa utafiti, simulizi la mahafali: hayo ni maandishi ya kuendelea na hayagawanyiki kwa visanduku. Ila karatasi yenyewe na ipunguzwe makali. Msimamizi anaweza kuondoa vitufe vya rangi, vya aina ya herufi na vya kuweka katikati, akabakiza vichwa vya ngazi mbili, kukoleza, orodha, kiungo na jedwali dogo. Vihariri kama CKEditor, kinachokuja na Drupal, husafisha sehemu kubwa ya takataka za Word, na katibu akizoea kubandika kwa Ctrl+Shift+V maneno huja matupu, bila mapambo.

Katikati ya njia hizo mbili kuna kishawishi kinachostahili kukataliwa waziwazi. Ni vile vijenzi vya kurasa vya kuburuta na kudondosha, kama Elementor ya WordPress, ambavyo huwafurahisha wajumbe wa kamati pindi mzabuni anapovionyesha ukutani. Picha inapanuka, safu zinajigawa, kitufe kinang'aa. Chombo kama hicho kinamfaa mbunifu wa ofisi ya mawasiliano anayeandaa ukurasa mmoja wa kampeni ya udahili. Kumpa katibu wa idara ni kumwongezea ajira ya pili ambayo hakuiomba na halipwi. Kihariri cha vipande kilichokuja na WordPress 5.0 Desemba 2018 kinaelekea huko huko, ingawa vipande vyake vinaweza kufungwa visihamishwe, na bora vifungwe.

Upo pia upande wa pili, wa wataalamu wanaopendekeza Markdown, uandishi wa alama ulioasisiwa na John Gruber mwaka 2004, ambapo nyota mbili hukoleza neno na alama ya reli hufanya kichwa. Usidharauliwe. Tovuti ya serikali ya Uingereza, GOV.UK, iliyofunguliwa Oktoba 2012, huandikwa na watumishi wa wizara kwa aina ya Markdown iitwayo Govspeak, na watumishi hao si waandishi wa programu. Lakini wanaoandika vile hufanya kazi ya maudhui siku nzima. Katibu anayegusa tovuti mara mbili kwa mwezi, katikati ya simu na wageni, atakuwa ameshasahau alama kila anaporudi. Na akiambiwa ahifadhi kazi yake kwa Git, chombo ambacho Linus Torvalds alikitengeneza mwaka 2005 kwa ajili ya waandishi wa kiini cha Linux, chuo kitakuwa kimeamua kwa vitendo kwamba hatahariri.

Lipo jambo moja ambalo miongozo mingi ya kigeni hailitaji, nalo ni mhuri.

Tangazo la msajili huandikwa, huchapwa, hutiwa saini, hugongwa mhuri wa wino wa zambarau, huskaniwa, kisha hupakiwa kama PDF. Tovuti inabaki na kiungo kimoja, "Tangazo kwa umma", na ndani yake kuna picha ya karatasi iliyoinama kidogo. Desturi hii ina sababu yake na haifai kubezwa. Matangazo ya uongo ya ajira na udahili yanazunguka kwenye simu kila msimu, na mzazi amezoea kutafuta mhuri kabla ya kuamini. Ila gharama ni kubwa. Karatasi iliyoskaniwa ni picha. Msomaji wa simu anaivuta kwa vidole huku na huku, injini ya kutafuta iliyo ndani ya tovuti haioni neno hata moja, na kurasa tatu zinaweza kula megabaiti kadhaa za bando.

Kwa msomaji asiyeona ni mbaya zaidi. NVDA, programu ya bure ya kusoma kioo iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, kisha James Teh akaungana naye, na wote wawili hawaoni, huja na sauti ya eSpeak inayoweza kusoma Kiswahili. Tangazo lililoandikwa litasomwa lote. Tangazo lililoskaniwa ni ukimya. Mwanafunzi huyo ataambiwa kuna waraka, hataambiwa unasema nini.

Suluhisho liko kwenye dawati lile lile la katibu. Ni yeye aliyelichapa tangazo. Faili la Word lipo kwenye kompyuta yake, kabla ya saini na kabla ya skana. Maneno yaende kwenye kisanduku cha Maelezo, na karatasi yenye mhuri iwe kiambatisho chini yake. Mwenye kutaka ushahidi ataupata, mwenye kutaka tarehe ya mwisho ataiona bila kupakua chochote. Taratibu wasomaji wafundishwe pia kwamba anwani yenyewe ni mhuri: vikoa vinavyoishia na .ac.tz au .ac.ke havigawiwi kwa kila mtu, ni vya taasisi za elimu. Tangazo lililo kwenye anwani hiyo limeshagongwa.

Hapo hapo fomu inaweza kusaidia mambo mengine ya ufikivu bila mhadhara. Kisanduku cha maelezo ya picha kifanywe cha lazima. Chini ya kisanduku cha kiungo iwekwe sentensi moja ya kukumbusha kwamba kiungo kinaitwa kwa jina la kinakokwenda, "Fomu ya kuahirisha masomo", si "bofya hapa", kwa sababu asiyeona mara nyingi husikiliza orodha ya viungo peke yake, na "bofya hapa" kumi na mbili mfululizo hazimwambii kitu. Kurekebisha baadaye ni ghali mno. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kiliondoa hadharani zaidi ya rekodi 20,000 za video na sauti za mihadhara baada ya Wizara ya Sheria ya Marekani kubaini kwamba nyingi hazikuwafaa viziwi na wasioona.

Kuhusu picha, maneno machache. Simu ya kawaida leo hupiga picha ya megabaiti nne na zaidi. Katibu asifundishwe pikseli. Mashine ipunguze yenyewe. Drupal hutoa nakala ndogo kwa mitindo ya picha iliyowekwa na msimamizi, na WordPress tangu toleo la 5.3 hupunguza picha inayozidi pikseli 2,560.

Sasa ruhusa, na hapa majina ya mifumo yanaanza kuwa na maana, kwa sababu tofauti ndogo za mipangilio huamua kama katibu atafanikiwa siku ya kwanza. WordPress hutoka na ngazi tano. Aliyepewa ngazi ya mchangiaji anaweza kuandika rasimu lakini hawezi kuchapisha, na hawezi kupakia picha wala faili. Tangazo lenye kiambatisho limemshinda tayari. Aliyepewa ngazi ya mwandishi anachapisha makala zake, lakini kurasa za kudumu, ule wa "Kuhusu Idara" ukiwemo, hata hazioni kwenye menyu. Ofisi nyingi zikikwama hapo huchukua njia ya mkato ya kumpa kila mtu usimamizi kamili, na siku moja mtu anafuta menyu nzima. Kwenye Joomla mwandishi, mhariri na mchapishaji wanaweza kufanya kazi upande wa mbele wa tovuti, bila kuingia chumba cha mitambo, jambo linalowapunguzia hofu wageni wa mfumo. Drupal huruhusu kupanga kwa undani zaidi: huyu aongeze matangazo, ahariri watumishi wa idara yake, asiguse ada.

Nani achapishe bila kuomba idhini? Kamati nyingi huogopa, zikaweka ngazi tatu za kupitisha. Matokeo yake tangazo la kuhamishwa kwa ukumbi linamsubiri mkuu wa idara aliye safarini, na chuo kimerudi kwenye Jumatano ile ile. Ni busara zaidi kupima uzito wa kosa. Tangazo, tukio, simu ya ofisi: katibu achapishe mwenyewe, kosa likitokea lirekebishwe kwa dakika. Ada, sifa za kujiunga, kanuni za mitihani: macho ya watu wawili, kwa sababu tarakimu moja ya ada ikikosewa kuna familia inayouza ng'ombe kwa hesabu isiyo sahihi. Moduli ya kupitisha maudhui ndani ya Drupal, na utaratibu wa hatua ulioingia Joomla 4 mwaka 2021, hufanya kazi hiyo. Na ada iandikwe mahali pamoja tu, kurasa nyingine zote zielekeze pale. Chuo chenye ada ya kozi moja kwenye brosha, ukurasa wa udahili na ukurasa wa kitivo kitakuwa na ada tatu ndani ya miaka miwili.

Kila mtu awe na akaunti yake. Akaunti moja ya "admin" inayojulikana na watu watano haina mwenyewe; jambo likiharibika hakuna wa kuulizwa, na mtu akihamishwa nywila huondoka naye. Akaunti ifungwe siku anayorudisha funguo za ofisi, na kwenye fomu ya makabidhiano uongezwe mstari huo.

Yapo mambo ambayo katibu hapaswi kuyagusa kabisa, ya kulinda mfumo. Oktoba 2014 Drupal ilitangaza pengo kubwa la kiusalama, kisha ikaonya kwamba tovuti ambayo haikurekebishwa ndani ya saa saba ihesabiwe imeshavamiwa. Joomla 3 iliacha kuhudumiwa Agosti 2023, Drupal 7 Januari 2025. Kazi ya kufuatilia hayo inahitaji wale vijana watatu wa TEHAMA, na muda wao ndio unaoliwa leo na kupandisha matangazo ya watu wengine.

Mfumo usinunuliwe kabla haujajaribiwa na watakaoutumia. Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba majaribio ya watu watano hufichua sehemu kubwa ya matatizo ya chombo, na watu watano chuo chochote kinao. Wachaguliwe makatibu wawili, afisa udahili, mhadhiri mzee asiyependa kompyuta na karani mpya. Wapewe kazi tatu: badilisha namba ya simu ya mhadhiri, weka tangazo lenye kiambatisho, ondoa tukio lililopita. Anayesimamia akae nyuma yao na saa, asiguse kipanya, asiseme neno hata wakihangaika. Kimya hicho ni kigumu kwa mtaalamu kuliko kazi yenyewe, lakini kila wanapositasita ndipo lebo ya kubadilishwa ilipo.

Jaribio lifanyike kwenye kompyuta za ofisi zao, kwa intaneti ya ofisi zao, saa nne asubuhi mtandao unapoelemewa. Kisha umeme uzimwe kwa makusudi katikati ya tangazo. WordPress huhifadhi rasimu yenyewe takriban kila dakika moja. Drupal ya msingi haihifadhi mpaka iongezewe moduli, na moduli hiyo isipowekwa, katibu atakayepoteza aya nne siku umeme unapokatika ataandika tena mara moja, labda mara mbili, kisha ataacha.

Mafunzo yasiwe semina ya siku tatu yenye slaidi. Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, chenye mfumo wake wa EdWeb uliojengwa juu ya Drupal, huwafundisha wahariri kuandikia tovuti kabla ya kuwapa ruhusa ya kuhariri, na utaratibu huo unaigika bila bajeti ya Edinburgh. Saa mbili zinatosha. Kila mtu aje na tangazo lake halisi la wiki hiyo, atoke likiwa hewani. Wawe sita au wanane kwa zamu moja, si ukumbi mzima.

Na somo la kwanza siku hiyo liwe kuharibu. Mifumo hii huweza kutunza matoleo ya nyuma ya kila ukurasa, nani alibadilisha nini na saa ngapi. Mwezeshaji awaambie wote wafungue ukurasa wa majaribio, wafute kila kitu, wachapishe ukiwa mtupu, wautazame. Kisha awaonyeshe orodha ya matoleo na kitufe cha kurudisha, na kila mmoja aurudishe kwa mkono wake mwenyewe. Baada ya hapo ndipo awafungulie fomu ya tangazo.